Kabla ya kulipa amana, uliza aliyetangulia alitokaje

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huzuka pilkapilka za aina mbili. Za kwanza ni za karo, sare na vitabu, nazo huandikwa sana magazetini. Za pili ni za kutafuta nyumba, na hizi hazina mwandishi.

Mwalimu aliyehamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine hufika mjini na sanduku lake akiwa na siku tatu tu za kupata pa kulaza ubavu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ambaye amekosa kitanda katika mabweni, huzunguka Juja au Kahawa Wendani akisoma vibao vya vyumba vya kupangisha. Wote wawili wana haraka, na haraka, kama walivyonena wahenga, haina baraka.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mpole aliyefundisha Hisabati kwa zaidi ya miaka 15, alihamia Nairobi pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Akapata nyumba ya vyumba viwili katika mtaa mmoja ulio mashariki mwa jiji. Rangi ilikuwa mpya, maji yalitoka mferejini na kodi ilikuwa nafuu kuliko ya majengo jirani. Alilipa amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza, akapewa karatasi moja atie sahihi. Akatia.

Mwezi wa nne, alfajiri ya Jumanne moja, waliamshwa na kishindo mlangoni. Nje walisimama madalali, vijana wa kubeba vyombo na polisi wawili, wakiwa na amri ya mahakama mkononi. Ikabainika kwamba jengo lile lilikuwa mali ya mzee aliyefariki bila kuacha wasia. Kijana aliyekuwa akipokea kodi alikuwa mmoja tu wa warithi, nao ndugu zake wa nyumba nyingine walikuwa wamemshtaki wakashinda. Amri ilimtaka aondoke yeye na kila aliyeingia pale kwa idhini yake.

Kufikia saa mbili asubuhi, vitanda, sufuria na godoro za familia ile zilikuwa kando ya barabara, na mvua ya masika ilikuwa imeanza kunyesha. Kifungua mimba wake, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa Kidato cha Nne, alikuwa akikusanya madaftari yake topeni na kuyafunika kwa beseni.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama aliyeuza mboga kwenye kibanda. Alivuka akaleta turubai lake kuwasitiri.

"Pole sana, Mwalimu," akasema. "Nyinyi ni wa tatu. Wa mwaka jana walitolewa hivi hivi, na wa mwaka juzi pia."

"Sasa Mama, mbona hukuniambia?" mwenzangu akauliza kwa uchungu.

"Mwalimu, mbona hukuniuliza?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa miezi minne, mwenzangu alinunua sukuma wiki kwa mama yule karibu kila jioni. Habari ambayo ingeliokoa akiba yake ilikuwa hatua 20 kutoka mlangoni pake, nayo ingelimgharimu swali moja.

Mchunguzi ni mmoja

Tazama, msomaji, jinsi mambo yanavyokwenda wakati wa kupanga nyumba. Mwenye nyumba au wakala wake hudai nakala ya kitambulisho chako. Huuliza unafanya kazi wapi, unalipwa na nani na una watoto wangapi. Wengine hudai hati ya mshahara na nambari ya simu ya mwenye nyumba wa awali ili wamuulize kama ulikuwa ukilipa kwa wakati.

Hayo si makosa. Mtu anayekukabidhi mali yake ana haki ya kujua wewe ni nani. Ajabu ni kwamba mpangaji, ambaye anakabidhi akiba yake, usalama wa watoto wake na utulivu wa masomo yao, haulizi lolote ila bei. Hajui jina kamili la mwenye jengo. Hajui kama jengo lina kesi. Wala hajui waliomtangulia walitoka kwa hiari yao au walitupiwa vyombo nje.

Jambo hili halihusu watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kaunti ya Nairobi, takriban familia tisa katika kila 10 zinaishi katika nyumba za kupanga. Mji mkuu wetu, basi, ni mji wa wapangaji. Hata hivyo hakuna daftari lolote la umma ambalo mtu anaweza kulifunua akaona jengo fulani limefurusha wapangaji mara ngapi na kwa sababu gani.

Kwa kuwa daftari hilo halipo, mpangaji hana budi kulitunga mwenyewe. Kazi hiyo si ngumu kama inavyodhaniwa. Inahitaji miguu, masikio na siku chache za subira.

Majirani wajua

Pa kuanzia ni kwa majirani. Muuza mboga, kinyozi, mwenye duka na fundi wa viatu wa pembeni ndio makarani wa mtaa. Wao huona gari la mizigo linapoingia na linapotoka. Wanajua nani aliondoka usiku, nani alifungiwa mlango kwa kufuli, na nani alirudishiwa amana yake.

Maswali ya kuuliza si mengi. Aliyekaa katika chumba hiki kabla yangu alikaa muda gani? Aliondoka vipi? Amana yake alirejeshewa? Kodi hulipwa kwa nani, na je, mpokeaji amewahi kubadilika ghafla? Madalali wamewahi kuonekana hapa?

Swali hilo la mpokeaji kodi ni muhimu kuliko linavyoonekana. Wapangaji wanapokwambia kwamba mwaka jana walilipa kwa kaka, mwaka huu wanalipa kwa dada, na mwezi uliopita alifika mjomba akadai alipwe yeye, fahamu kwamba hapo pana ugomvi wa mirathi. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na mpangaji ndiye nyasi.

Usimtegemee msimamizi wa jengo peke yake. Huyo ameajiriwa na mwenye nyumba, na huenda akalipwa kitu kidogo kwa kila mpangaji anayemleta. Zungumza na wapangaji wenyewe, hasa anayefungasha vyombo akihama. Mtu anayeondoka hana cha kuficha wala cha kuogopa.

Nenda pia wakati tofauti. Jengo la saa nne asubuhi si jengo la saa moja jioni, wakati watu wamerudi kazini na wanateka maji. Mazungumzo ya nusu saa kwenye foleni ya maji yanaweza kukufundisha mengi kuliko mkataba wa kurasa 10.

Macho nayo yasikose kazi. Fremu ya mlango iliyovunjwa ikazibwa kwa mbao mpya, matundu ya kufuli mbili au tatu kwenye mlango mmoja, na vyumba vingi vitupu katika mtaa ambao kwingineko hakuna nafasi, yote hayo yana hadithi. Ukiona alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani, au sehemu moja ya ukuta iliyopakwa rangi mpya kana kwamba kuna kitu kinachofichwa, simama uulize. Wakaguzi wa majengo hutumia alama hiyo kwa jengo lililotiliwa shaka.

Tusisahau yaliyotokea Huruma, jijini Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016. Jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto liliporomoka baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Wenye mamlaka walisema baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha kuorodheshwa kubomolewa. Wapangaji waliendelea kulala mle na kodi ikaendelea kupokewa. Historia ya jengo, basi, si suala la fedha tu. Wakati mwingine ni suala la uhai.

Hatimiliki

Baada ya majirani, nenda kwenye sajili ya ardhi. Kila jengo limesimama juu ya kipande cha ardhi chenye nambari, na mwenye nyumba wa kweli hawezi kukosa kuijua nambari hiyo. Akikataa kuitaja, hilo lenyewe ni jibu.

Ukiwa na nambari, unaweza kuomba upekuzi katika afisi ya ardhi inayohusika. Tangu Aprili 2021, serikali imekuwa na mfumo wa kompyuta uitwao Ardhisasa, ulioanzia Nairobi, ambao unamwezesha mtu kuomba upekuzi huo bila kupiga foleni Ardhi House. Matokeo yake huonyesha jina la mwenye ardhi, muda wa kumiliki kama ni ardhi ya kukodi kutoka kwa serikali, na vikwazo vilivyosajiliwa juu yake.

Hapo kwenye vikwazo ndipo pa kutulia. Ukiona ardhi imewekwa rehani kwa benki, usikimbie, kwa sababu majengo mengi ya kupangisha hujengwa kwa mkopo. Lakini ujue kwamba mkopo ukikwama, benki ina uwezo wa kuuza jengo, na mnunuzi mpya huenda asiwe na haja nawe. Ukiona zuio au amri ya mahakama imesajiliwa, hapo kuna mgogoro ambao haujaisha.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba benki inayotaka kuuza ardhi iliyowekwa rehani ni lazima itoe ilani ya siku zisizopungua 40 kabla ya kukamilisha mauzo. Nakala ya ilani hiyo yapaswa kupewa pia wapangaji wa jengo, na nyingine kubandikwa mahali pa wazi karibu na ardhi yenyewe. Wapangaji wangapi wanayajua hayo? Wengi huliona tangazo limebandikwa langoni wakalipita kama wanavyolipita tangazo la mganga.

Linganisha vilevile jina lililo katika hati na jina la mtu anayepokea fedha zako. Yakitofautiana, dai maandishi yanayoonyesha uhusiano wao. Mwenye jengo akiwa amefariki, mtu mwenye haki ya kusimamia mali yake ni yule aliyepewa hati ya usimamizi na mahakama chini ya Sheria ya Urithi. Mwana, mjane au ndugu asiye na hati hiyo hana mamlaka ya kupangisha, hata akiwa na funguo zote mfukoni. Laiti mwenzangu yule angelijua kanuni hii moja, angelikuwa na akiba yake hadi leo.

Naye wakala je? Sheria yetu inawataka mawakala wa nyumba wawe wamesajiliwa na bodi inayosimamia kazi yao. Anayekutaka utume amana kwa simu kabla hujauona mlango, na hana afisi wala nambari ya usajili, ni mtu wa kuepukwa kama ukoma. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio wanaonaswa zaidi na ulaghai huu, kwa kuwa wako mbali na wanahofia kwamba vyumba vitakwisha.

Mahakamani na gazetini

Mlango wa tatu ni mahakama. Watu wengi hudhani kwamba yanayoendelea kortini ni siri ya mawakili. Sivyo. Hukumu ni mali ya umma, na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria huziweka hukumu nyingi katika intaneti ambapo yeyote anaweza kuzisoma bila malipo.

Tafuta kwa jina la mwenye nyumba, kwa jina la kampuni yake, kwa jina la jengo na kwa nambari ya ardhi. Hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi zinafaa sana, kwa maana hiyo ndiyo inayosikiliza migogoro mikubwa ya umiliki na upangaji. Kama unatafuta chumba cha biashara, angalia pia maamuzi ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara.

Si kila mzozo hufika kortini, na si kila kesi huchapishwa. Kwa hivyo, kukosa kuona kitu hakumaanishi kwamba hakuna kitu. Lakini ukikuta mwenye nyumba mmoja ameshtakiwa na wapangaji wanne tofauti kwa kuwafungia milango bila amri, huhitaji kuambiwa na mtabiri yatakayokupata wewe wa tano.

Kuna pia magazeti yenyewe, pamoja na Gazeti Rasmi la Serikali. Madalali hutangaza minada ya majengo katika magazeti ya kila siku. Maombi ya kusimamia mali ya marehemu huchapishwa katika Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze kwa muda wa siku 30. Wengi wetu huziruka kurasa hizo tukikimbilia michezo.

Mto na barabara

Kuna kufurushwa kwa aina nyingine ambako hakutokani na mwenye nyumba bali na mahali nyumba iliposimama. Hapa mpangaji mwema na mwenye nyumba mwema huanguka pamoja.

Mnamo Novemba 2011, nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba ardhi ile ni ya uwanja wa ndege, ingawa wakazi walikuwa na karatasi walizoziamini. Mnamo Agosti 2018, hata majumba ya maduka kama Ukay kule Westlands na Southend kule Lang'ata yaliangushwa kwa kusimama kwenye ukingo wa mto. Mnamo Mei 2020, katikati ya janga la korona, maelfu ya watu walibomolewa makao Kariobangi ilhali palikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji. Mwishoni mwa 2021 ikawa zamu ya Mukuru kwa Njenga, na baada ya mafuriko ya 2024 ikawa zamu ya waliokaa kandokando ya mito ya Mathare na Ngong.

Kanuni za maji huhesabu ukingo wa mto kuwa kati ya mita sita na mita 30 kila upande, kwa kutegemea upana wa mto na kimo cha mafuriko. Mtu anayepanga chumba ambacho dirisha lake latazama mto ni heri apime hatua zake. Vilevile aulize kama kuna barabara iliyochorwa kupita hapo.

Habari hizo zimo katika afisi za kaunti na za serikali kuu. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 inaitaka afisi ya umma ijibu ombi la maandishi kwa muda usiozidi siku 21. Unaweza kuiandikia kaunti ukauliza kama ramani za jengo ziliidhinishwa, kama lilipewa cheti cha kuruhusu watu kukaa, na kama limewahi kupewa ilani ya kubomolewa. Kwa mpangaji mmoja mwenye haraka, siku 21 ni nyingi. Kwa chama cha walimu au cha wanafunzi kinachoandikia majengo yote yaliyo karibu na shule au chuo, si nyingi hata kidogo.

Sheria na mipaka yake

Huenda msomaji akauliza: je, sheria haimlindi mpangaji? Yamlinda, lakini kwa blanketi fupi. Ukifunika kichwa, miguu huwa nje.

Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, iliyoanza mwaka 1959, inakataza kumwondoa mpangaji bila idhini ya jopo maalum, na inafanya kuwa kosa kumsumbua ili ahame. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Leo, chumba kimoja tu katika mitaa mingi ya Nairobi hupita kiwango hicho. Walio juu yake hubaki na mkataba wao, na mahakama za kawaida ambazo ni za gharama.

Mwenye duka ana kinga bora kidogo. Sura ya 301 ya mwaka 1965 inamtaka mwenye jengo atoe ilani ya miezi miwili au zaidi, kwa fomu maalum na kwa sababu zilizotajwa na sheria, na mpangaji ana haki ya kupinga mbele ya jopo.

Ibara ya 43 ya Katiba nayo inatamka haki ya kila mtu kuwa na makao yanayofaa. Mnamo Januari 2021, Mahakama ya Juu iliishughulikia haki hiyo katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, ambao makao yao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson yalibomolewa mwaka 2011. Hebu hesabu miaka hiyo. Haki iliyopatikana baada ya karibu mwongo mzima ni haki, lakini mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya ubomoaji alikuwa amefika sekondari.

Ndiyo maana nasema kinga ni bora kuliko tiba. Mahakama inaweza kukurudishia haki yako. Haiwezi kumrudishia mtahiniwa muhula alioupoteza.

Haki kwa pande zote

Mgala muue na haki yake umpe. Si kila mwenye nyumba aliyemtoa mpangaji ni dhalimu. Wako wapangaji wanaokaa miezi saba bila kulipa, wanaong'oa vitasa wakihama, na wanaogeuza chumba kiwanda cha pombe haramu. Wako pia wajane na wastaafu, wakiwamo walimu, ambao riziki yao yote ni kodi ya vyumba vitano. Mwenye nyumba wa namna hiyo akimpa mpangaji mkaidi ilani, akaenda kwenye jopo au kortini, akapata amri na kuitekeleza kwa utaratibu, huyo ametenda haki, na rekodi yake yapaswa kumsifu.

Kwa hivyo, anayechunguza asihesabu tu idadi ya waliotolewa. Apime mambo matatu. Kwanza, sababu: je, ni deni la kweli, au ni njia ya kuwaondoa wote kila Januari ili kodi ipande? Pili, utaratibu: je, palikuwa na ilani na amri, au mlango uling'olewa na paa likaezuliwa, kama tulivyoshuhudia mara kadhaa mwaka 2020 watu walipopoteza kazi? Tatu, mtindo: tukio moja ni ajali, lakini matatu katika miaka mitatu ni tabia.

Mtu atasema kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua, na kwamba mahubiri haya ni ya wenye nazo. Pingamizi hilo lina uzito. Anayetafuta chumba cha bei ya chini kabisa huenda akajua ubaya wa jengo na bado akaingia, kwa kuwa hana pengine. Lakini hata huyo hunufaika kwa kujua. Atakataa kulipa amana ya miezi mitatu. Atadai risiti. Ataweka vyeti vya watoto mahali salama nje ya nyumba ile. Kujua hatari si sawa na kuikimbia, lakini kunampunguzia mtu hasara.

La kufanywa

Yafaa idara ya mahakama, kwa ushirikiano na kaunti, ifungue daftari la wazi la amri zote za kuwaondoa wapangaji, lililopangwa kwa nambari ya ardhi na jina la jengo. Yafaa pia sheria imlazimishe mwenye nyumba aandike katika mkataba kama jengo lina kesi, rehani iliyokwama au ilani ya kubomolewa.

Daftari hilo lakini liwe la majengo, si la majina ya wapangaji. Huko Marekani, rekodi za mahakama kuhusu wapangaji waliofurushwa zimekusanywa na kampuni na kuuzwa kwa wenye nyumba, hata mtu aliyeshinda kesi akajikuta ananyimwa nyumba kila aendako kwa sababu tu jina lake lilifika kortini. Tusijenge mtego huo kwa mikono yetu.

Sisi walimu nasi tuna sehemu yetu. Tunamfundisha mwanafunzi kuandika barua rasmi, insha na kumbukumbu za mkutano, kisha anatoka Kidato cha Nne bila kuwahi kusoma mkataba wa upangaji, hati ambayo huenda ikawa ya kwanza kutia sahihi maishani. Somo la ufahamu lingeweza kujengwa juu ya mkataba mmoja wa kweli. Wanafunzi wa uraia wangeweza kutumwa kuuliza majengo matano ya mtaani mwao yana umri gani na yamewahi kupatwa na nini. Vyama vya wanafunzi vyuoni vingeweza kuweka orodha ya mabweni ya nje ambayo amana hurudishwa na yale ambayo hairudi.

Mwenzangu yule alihama mara ya pili. Safari hii alichukua Jumamosi mbili nzima. Alikunywa chai katika kioski kilicho karibu na jengo, akanunua nyanya asizozihitaji, akanyolewa kabla nywele hazijakua. Akaomba nambari ya ardhi, akaipata, akafanya upekuzi. Nyumba aliyoichagua haikuwa na rangi mpya, na kodi yake ilizidi ile ya kwanza. Mwaka wa tatu huu yumo ndani. Binti yake alifanya mtihani wake akiwa amelala usiku mzima chini ya paa.

Amana ya nyumba ya kwanza hakurejeshewa hadi leo. Anasema hiyo ilikuwa karo yake, na kwamba somo alilipewa na mama muuza mboga kwa maneno mawili: mbona hukuniuliza?